Kanazawa Wakati wa Theluji: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Wenyeji wa Kanazawa wana usemi wao: hata ukisahau bento, usisahau mwavuli. Bento ni chakula cha mchana mtu anachofungasha nyumbani, kwa hiyo usemi unakwambia bora ushinde na njaa kuliko kuloa. Nimeishi hapa majira manne ya baridi, na kila ikifika Oktoba simu zinaanza: binamu, rafiki wa chuo, rafiki wa rafiki. Wote huuliza habari ya baridi. Wa kuuliza habari ya maji sijampata bado, na maji ndiyo yatakayokusumbua. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi majibu ni haya.

Watu wote wanakwenda Kyoto. Kwa nini nije Kanazawa?

Kyoto nenda, sikuzuii. Ila kama shida yako ni kuona mji wa kale chini ya theluji, Kyoto utabahatisha, maana huko theluji ya kutanda huja siku chache tu kwa mwaka na mara nyingi adhuhuri haiikuti. Kanazawa iko upande wa pili wa kisiwa cha Honshu, kwenye mkoa wa Ishikawa, ukingoni mwa Bahari ya Japani. Huku theluji ni mwenyeji.

Mji wenyewe ulikuwa makao ya ukoo wa Maeda. Maeda Toshiie aliingia kwenye ngome ya Kanazawa mwaka 1583, na wazao wake wakatawala hapa karibu miaka 300. Utajiri wa mabwana wa zamani ulipimwa kwa mchele, kwa kipimo kiitwacho koku, na koku moja ilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Milki ya akina Maeda ilipimwa koku milioni moja. Ukiwaweka kando Tokugawa wenyewe, waliokuwa wakitawala nchi nzima, hapakuwa na bwana mwingine wa kuwafikia. Tajiri wa namna hiyo mtawala humlalia jicho moja. Akina Maeda wakaona heri fedha zimwagwe kwenye bustani, vyombo vya udongo, vyombo vya lakeri (utomvu wa mti unaopakwa hadi chombo king'ae), nguo za hariri, chai na michezo ya Noh, tamthilia za kale za Kijapani, ili asije mtu akasema wanakusanya silaha.

Vita Kuu ya Pili ikapita bila mji kupigwa mabomu. Ndiyo maana vichochoro vya samurai vya Nagamachi na nyumba za chai za Higashi Chaya, mtaa uliopangwa mwaka 1820, bado ni mitaa ambamo watu wanaishi na kufanya biashara.

Theluji nitaiona kweli, au nitarudi na picha za mvua?

Ukija kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, uwezekano ni mzuri. Desemba ni kamari. Lakini elewa kwanza theluji ya huku inatoka wapi, hutakasirika.

Upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani. Bahari hiyo ina mkondo wa maji ya vuguvugu unaopanda kutoka kusini, kwa hiyo upepo ulioondoka mkavu hufika pwani umebeba unyevu tele. Ukifika hapa unagonga milima, mkubwa wao ukiwa Hakusan wenye mita 2,702, na mzigo wote unatuliwa juu yetu. Kwa sababu mji uko usawa wa bahari na joto linachezea jirani na sifuri, kinachoanguka kinaweza kuwa mvua asubuhi, punje za barafu saa nne, theluji saa sita, na jua saa nane. Siku moja hiyo hiyo. Theluji nayo ni nzito, imejaa maji, wala si ile ya unga unayoipuliza kiganjani.

Miaka mingine inaamua kujionyesha. Februari 2018 ilirundikana zaidi ya sentimita 80 mjini, na wazee bado wanasimulia Januari 1963 ilipofika sentimita 181, yaani kumzidi kimo mtu wa kawaida.

Na radi. Hili hakuna aliyeniambia. Kanazawa ni mji unaoongoza Japani kwa idadi ya siku za radi, na nyingi ni za majira ya baridi. Usiku wangu wa kwanza wa Desemba nilishtuka nikidhani kuna kitu kimelipuka bandarini. Asubuhi mama mwenye nyumba akanichekea: hiyo ni buri-okoshi, radi ya kuwaamsha samaki. Maana yake buri, samaki wa msimu wa baridi, wamenona na sasa wanakaribia pwani.

Baridi ni kali kiasi gani, na nivae nini?

Wastani wa Januari ni nyuzi 4 hivi. Mchana hupanda hadi 7, usiku hushuka karibu na 1. Mtu aliyelala Njombe mwezi wa Julai hatapiga kelele sana. Tofauti ni kwamba Njombe jua likitoka mwili unafunguka, na hapa jua ni mgeni.

Kwa hiyo usijifunge blanketi. Koti liwe la kuzuia maji, lenye kofia, linalofika chini ya nyonga. Usilinunue dukani kwa bei ya kukata shingo. Nenda Karume au Gikomba, makoti ya baridi yanakaa kwenye mitumba yakisubiri mteja, kwa sababu nani atayavaa Dar? Ndani vaa fulana na suruali nyembamba za kuhifadhi joto. Hizo nunua ukifika Japani, Uniqlo wako kila mahali na bei haiumi. Juu yake sweta moja. Basi.

Miguu ndiyo yenye kesi. Hapa barabara nyingi kubwa zina mabomba katikati yanayorusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke. Magari yanapita vizuri. Wewe mtembea kwa miguu unabaki kwenye supu ya barafu inayofika vifundoni. Nilikuja na raba nzuri nyeupe. Zilidumu nusu saa. Nunua mabuti ya mpira ya mvua, wengine huyaita gambuti, na usione haya: utaona wanaume wa suti wameyavaa asubuhi wakienda ofisini, viatu vya ngozi viko mfukoni.

Jambo la mwisho ni soksi. Utavua viatu hekaluni, kwenye nyumba ya samurai, kwenye baadhi ya mikahawa, hata kwenye vyumba vya kujaribia nguo. Soksi yenye tundu itakuaibisha mara sita kwa siku. Beba na jozi ya akiba kwenye begi, kwa sababu ile ya kwanza italoa.

Zile kamba zinazoning'inia kwenye miti kama hema ni za nini? Mapambo?

Zimekuwa mapambo, lakini zilianza kama kazi. Jina lake yukitsuri, kuining'iniza theluji. Nimekwisha sema theluji ya huku ina maji. Ikikaa juu ya tawi la msonobari mzee, tawi linavunjika. Basi mafundi wa bustani husimamisha nguzo katikati ya mti na kutoka kileleni wanateremsha kamba za mabua ya mpunga hadi kwenye kila tawi. Kwenye bustani ya Kenrokuen kazi huanza tarehe 1 Novemba kila mwaka na kuendelea hadi Desemba, na kuzifungua huanza katikati ya Machi.

Wa kwanza kufungwa ni msonobari wa Karasaki, ulioko ukingoni mwa bwawa la Kasumigaike. Bwana wa 13 wa ukoo, Maeda Nariyasu, aliagiza mbegu yake kutoka Karasaki, kando ya Ziwa Biwa. Mti huo peke yake unachukua nguzo 5 na kamba zipatazo 800. Usimame chini yake siku ya ukimya, theluji ikiwa imekaa kwenye kila kamba. Mimi si mtu wa kusifia miti, lakini hapo nilisahau mikono yangu nje ya glavu.

Kenrokuen wakati wa baridi hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kiingilio ni kidogo, yen 320 kwa mtu mzima. Siri ni hii: kuanzia saa kumi na mbili alfajiri kuna lango linaloruhusu kuingia bure, mradi utoke kabla ya muda wa kulipa kuanza. Theluji ikianguka usiku, amka. Utakuta vikongwe wawili wakifanya mazoezi, mpiga picha mmoja, na nyayo za kwanza zitakuwa zako. Februari kuna jioni maalumu ambapo bustani huwashwa taa; inapendeza, ila umati wake!

Ukishuka Nagamachi utaona kuta za udongo nazo zimevishwa mikeka ya mabua. Maji yakipenya kwenye udongo kisha yakaganda, ukuta unapasuka. Mji mzima unajikinga na jambo lile lile.

Nitafikaje?

Kutoka kwetu utapita Doha, Dubai au Addis Ababa, ushuke Tokyo. Kutoka Tokyo panda treni ya mwendokasi ya Hokuriku Shinkansen. Ile ya haraka zaidi, Kagayaki, inachukua saa mbili na nusu na viti vyake vyote ni vya kukata mapema. Nauli inazidi kidogo yen 14,000 kwa kwenda tu. Watu wananiuliza pasi ya treni ya wiki moja: tangu Oktoba 2023 ilipandishwa hadi yen 50,000, kwa hiyo kama safari yako ni Tokyo na Kanazawa tu, utakuwa umelipa zaidi na kupata hasara. Kata tiketi za kawaida.

Usilale njiani. Tokyo utaondoka jua linawaka. Baada ya Nagano treni inaingia kwenye mahandaki, likiwamo la Iiyama lenye kilomita 22, na unapotokea ng'ambo dunia ni nyeupe na mbingu imeshuka. Ni kama mtu amebadilisha mkanda wa sinema.

Kutoka Kyoto ni saa mbili na dakika kidogo, lakini tangu Machi 2024 huwezi tena kuja kwa treni moja. Unapanda treni ya Thunderbird hadi mji wa Tsuruga, halafu unahamia Shinkansen. Reli ya upande wa Ziwa Biwa inakabiliwa na upepo mkali unaoshuka milimani, na wakati wa baridi treni huzungushwa njia nyingine au kusimamishwa. Usipange ndege ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo unayoondoka Kanazawa. Mgeni wangu mmoja alipanga hivyo, na ndege yake aliisikia tu.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Habari njema ni kwamba huu ni mji wa samaki. Habari ngumu ni kwamba mirin na sake, vyote vyenye kilevi, vinaingia kwenye mchuzi bila kelele. Mboga za kuchemsha zinayo. Samaki wa kuokwa na sosi anayo. Jibuni, kitoweo maarufu cha bata cha hapa, ndicho hicho hicho, na bata mwenyewe hakuchinjwa unavyotaka wewe. Hata supu ya tambi isiyo na nyama juu yake yaweza kuwa ya mifupa ya nguruwe.

Kilicho salama zaidi ni samaki wa kuchoma kwa chumvi. Jifunze neno moja, shioyaki, utaishi. Samaki mbichi juu ya wali mweupe ni wa pili, ingawa wali wa sushi huwekwa viungo, na kuhusu sosi ya soya kila mtu afuate shehe wake. Andika masharti yako kwa Kijapani kwenye simu na uonyeshe kabla ya kuketi, si baada. Hawatakasirika. Watakwambia ukweli, na wakati mwingine ukweli ni kwamba hawawezi kukuhudumia. Pokea na uondoke kwa heshima.

Msikiti upo, upande wa chuo kikuu, nje kidogo ya katikati ya mji. Kibla kutoka hapa ni magharibi kuegemea kaskazini.

Na kaa? Kila mtu anapiga picha za kaa.

Nenda soko la Omicho. Msimu hufunguliwa tarehe 6 Novemba. Kaa dume wa Ishikawa huitwa kano-gani, huvikwa kitambulisho cha buluu mguuni, na huvuliwa hadi tarehe 20 Machi. Bei ya dume mkubwa inaweza kufika makumi ya maelfu ya yen. Mmoja. Nilimtazama, naye akanitazama, tukaachana salama.

Wenyeji wenyewe hula jike, kobako-gani, mdogo kama kiganja, aliyejaa mayai ndani na nje. Huyo anafikika kwa bei, lakini huvuliwa hadi mwishoni mwa Desemba tu, ili mayai mengine yabaki baharini. Ukija Februari umemkosa.

Wewe mtu wa pwani, nakushauri uwaachie watalii kaa, uulize buri. Ni jamaa ya kolekole, ukoo mmoja kabisa, ila huyu ameogelea kwenye maji baridi hadi nyama ikatoa mafuta. Kichwa chake cha kuchoma kinatosha watu wawili. Soko lile usile huku unatembea; simama pale pale kwenye duka uliponunulia, umalize, urudishe kijiti.

Jua linazama saa ngapi? Nasikia giza linaingia mapema.

Mwishoni mwa Desemba linatoka kama saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na dakika arobaini jioni. Kwetu sisi tuliozoea saa kumi na mbili mwaka mzima, mwili unakataa kuamini. Wenye kuswali, adhuhuri hadi magharibi ni saa tano tu, alasiri inakupita ukiwa kwenye basi. Panga vya nje asubuhi, vya ndani jioni.

Vya ndani ninavyovipenda: jumba la sanaa la karne ya 21, la duara, lililofunguliwa 2004, lenye bwawa la kuogelea la Leandro Erlich ambalo watu wanatembea chini ya maji bila kuloa (kata nafasi mapema). Na jumba dogo la D.T. Suzuki, mwanafalsafa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, aliyezaliwa mji huu. Lina bwawa tulivu na benchi, na karibu hakuna kingine. Siku ya theluji ndiko ninakokwenda.

Kwa nini aiskrimu imefunikwa dhahabu?

Kwa sababu takriban asilimia 99 ya dhahabu ya kufua ya Japani inatoka Kanazawa. Wanaifua hadi inakuwa nyembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Pumzi yako inaipeperusha. Hapa tena ni maji: hewa kavu huzalisha umeme tuli, dhahabu inang'ang'ania vidole na kuchanika, lakini hewa ya Kanazawa ina unyevu. Aiskrimu yenyewe haina ladha ya dhahabu, maana dhahabu haina ladha. Ukitaka kitu cha maana, ingia karakana moja ya Higashi Chaya ujaribu kubandika mwenyewe kwenye kisanduku.

Nilale hoteli au nyumba ya kienyeji?

Usiku mmoja nyumba ya kienyeji, zilizobaki hoteli. Nyumba za mbao hazina joto la pamoja. Chumbani kuna hita, kwenye korido hakuna kitu. Utapenda kotatsu, meza fupi yenye hita chini na mfarishi juu. Ukiingiza miguu hutoki tena.

Maji ya moto ya chemchemi yapo Yuwaku, ndani ya mipaka ya mji, kwa basi. Wanaume kwao, wanawake kwao, na watu huingia uchi baada ya kuoga na kujisugua vizuri. Stara ikikuzuia, uliza bafu la kukodi la faragha. Nyumba nyingi za wageni wanalo.

Shirakawa-go naweza kwenda na kurudi?

Ndiyo, basi linachukua saa moja na robo hivi, tiketi ukate kabla. Ni kijiji chenye mapaa marefu ya nyasi, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1995, na theluji yake huwezi kulinganisha na ya kwetu mjini. Zile usiku za taa unazoziona mtandaoni ni chache mno, Januari na Februari, na bila kujiandikisha mapema huingii.

Mwaka Mpya je?

Kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari makumbusho mengi yamefungwa, na soko nalo hupumzika siku za mwanzo za Januari. Njoo baada ya hapo.

Kulikuwa na tetemeko. Ni salama?

Tarehe 1 Januari 2024, jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliipiga rasi ya Noto, kaskazini mwa mkoa huu. Huko watu wengi walifariki, na soko la asubuhi la Wajima liliteketea kwa moto. Kanazawa ilitikisika sana, sehemu za kuta za mawe za ngome zikaporomoka, na ukarabati wake ni kazi ya miaka, kwa sababu kila jiwe linarudishwa mahali pake. Mji unaendelea na shughuli. Ukitaka kusaidia, nunua vyombo vya lakeri vya Wajima. Vinauzwa hapa mjini.

Viza?

Watanzania na Wakenya wanahitaji, na inaombwa kabla ya safari kwenye ubalozi wa Japani, Dar es Salaam au Nairobi. Anza mapema kuliko unavyodhani.

Mwanangu anataka nimletee theluji. Nimwambie nini?

Mwambie mabwana wa Maeda walijaribu. Walishindilia theluji kwenye ghala la shimoni liitwalo himuro, wakaifunika, na wakati wa joto wakaipeleka kwa shogun, mtawala wa nchi wa ukoo wa Tokugawa, huko Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, ikibebwa na wakimbiaji mamia ya kilomita. Pale Yuwaku bado wanafanya hivyo kila mwaka: wanaijaza mwishoni mwa Januari na kulifungua ghala tarehe 30 Juni.

Mpwa wangu wa miaka saba, Tanga, nilimsimulia habari hiyo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mjomba, waliondoka na ngapi, ikafika ngapi?"